Risala ya Mafundi Mitambo kwa Wamiliki wa Kumbi za Dar es Salaam Kuhusu Utundikaji wa Spika

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu wamiliki na mameneja wa kumbi,
Waandaaji wa sherehe na viongozi wa bendi,
Mafundi wenzetu,

Sisi mafundi mitambo tunaofunga muziki katika kumbi za jiji hili, kuanzia Mbezi hadi Mbagala, kuanzia Tegeta hadi Kigamboni, tunashukuru kupewa nafasi ya kusema mbele yenu. Harusi, kipaimara, mahafali, taarabu, mkutano wa injili, mkutano wa wanahisa: kote huko tupo, na sauti ikitoka vizuri hakuna anayetutafuta. Leo hatukuja kuzungumzia sauti. Tumekuja kuzungumzia mizigo inayoning'inia juu ya vichwa vya wageni wenu, na juu ya vichwa vyetu tunapoipandisha.

Zamani spika zilisimama chini, kwenye stendi au pembeni mwa jukwaa. Siku hizi mpambaji anataka jukwaa wazi, mpiga picha hataki stendi ndani ya picha, na mwenye ukumbi anataka meza 2 zaidi pale ilipokaa besi. Basi spika zimepanda juu. Kupanda kwenyewe hatuna ugomvi nako. Spika iliyotundikwa vizuri huwafikia watu wa nyuma bila kuwatoboa masikio waliokaa mbele, na hakuna mtoto wa kuisukuma ikaanguka. Ugomvi wetu ni jinsi zinavyopandishwa.

Lalamiko letu kubwa, na ndilo lililozaa mengine yote, ni kwamba hakuna anayejua kenchi za kumbi zenu zinabeba kilo ngapi. Fundi anafika saa 4 asubuhi, anaonyeshwa dari ya jipsamu, anaambiwa "tundika hapo." Juu ya jipsamu hiyo kuna kenchi za mbao, au za paipu nyembamba za chuma, zilizopigiwa hesabu ya bati, upepo na dari yenyewe. Aliyezichora hakuambiwa kwamba siku moja ncha moja ya kenchi itafungwa kilo 200 za spika, zikitikiswa na besi tangu saa 2 usiku hadi saa 6. Tukiomba mchoro wa jengo, tunaambiwa uko kwa mkandarasi. Mkandarasi hapokei simu. Tukisisitiza, tunajibiwa kwamba waliofunga Jumamosi iliyopita hawakuuliza maswali hayo, na kwamba vijana wenye njaa ya kazi wako wengi.

Ndugu wamiliki, kwamba kitu hakijaanguka si ushahidi kwamba kinaweza kubeba. Katika ukumbi mmoja ulio karibu na bahari, ambao hatutautaja, tulishusha spika iliyokuwa imeharibika. Ilikuwa imening'inia kwenye bolti ya pete iliyokunjwa kwa mkono kutoka kwenye nondo. Ile pete haikuwa imechomelewa, na mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka. Tulipotoa washa tukakuta chumvi ya bahari imekula chuma chini yake, mahali ambapo jicho la mtu aliyesimama sakafuni haliwezi kufika, na kilichobaki hapo kilikuwa na unene wa njiti ya kiberiti. Kwa nje bolti ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, safi kabisa. Chini yake ilikuwa imepangwa meza ya wazazi wa bwana harusi.

Spika ya kilo 25 ikidondoka kutoka mita 4 hufika chini kwa kasi ya takriban kilomita 32 kwa saa. Hakuna anayewahi kukimbia.

Hizi si hofu za watu wa pwani tu. Tarehe 13 Agosti 2011, katika maonesho ya jimbo la Indiana nchini Marekani, upepo uliangusha paa la jukwaa lililobeba taa na spika, dakika chache kabla ya bendi ya Sugarland kupanda. Watu 7 walikufa. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Juni 2012, paa la jukwaa la Radiohead liliporomoka mjini Toronto, Kanada, muda mfupi kabla ya milango kufunguliwa, likamuua fundi ngoma wa bendi hiyo, Scott Johnson. Siku hiyo hapakuwa na dhoruba. Kesi ya ajali hiyo ilikwenda ikarudi hadi ikasimamishwa mwaka 2017 kwa sababu ilikuwa imechukua muda mrefu mno, na ni mwaka 2019 ndipo uchunguzi wa kifo hicho ulipokamilika. Nchi zile zina wahandisi, zina wakaguzi, zina vitabu vya kanuni, na bado watu walikufa. Sisi tunafunga kwa kukisia.

Lalamiko la pili linahusu vifaa. Mteja akipunguza bajeti, kitu cha kwanza kukatwa ni vyuma vya kutundikia, kwa kuwa havisikiki wala havionekani kwenye picha. Tunaletewa kamba ya manila, waya wa kufungia nondo, mnyororo wa geti, shakeli isiyo na maandishi. Shakeli halali ina namba iliyogongwa mwilini mwake inayosema inabeba kiasi gani. Isiyo na namba ni chuma tu. Desturi ya kazi hii duniani ni kwamba kila kiungo kiwe na nguvu ya kukatika isiyopungua mara 5 ya mzigo kinaoubeba, na wako wanaodai mara 10 pale watu wanapokaa chini yake. Bolti ya pete ya milimita 10 iliyofuliwa kwa kiwango cha Kijerumani cha DIN 580 hupewa kilo 230 ikivutwa wima. Ikivutwa kwa ubavu, inabaki na nusu. Ile ya nondo iliyokunjwa haina kiwango chochote. Anayeipa kilo ni yule anayeomba Mungu isianguke.

Kuna jambo la hesabu ambalo tunaomba kila meneja alishike, maana ndilo linalotugombanisha nanyi kila mara mnapotuambia "tumia pointi hizo mbili zilizopo, zinatosha." Mzigo wa kilo 100 ukishikwa na waya 2 zinazoshuka wima, kila waya hubeba kilo 50. Waya hizo zikitanuka hadi pembe kati yake ikawa nyuzi 90, kila moja hubeba kama kilo 71. Zikitanuka hadi nyuzi 120, kila moja inabeba kilo 100 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Kadiri dari ilivyo fupi na pointi zilivyo mbali, ndivyo waya zinavyolala, na ndivyo zinavyovuta kenchi kuelekea katikati. Hivyo fundi anapokataa pointi zenu hafanyi ukaidi.

Spika nazo zina makosa yake. Kishikio cha pembeni kiliwekwa ili mtu ainue spika kutoka kwenye gari. Hakikuwekwa ili spika ining'inie hapo mwaka mzima. Spika iliyotengenezwa kwa kutundikwa ina matundu yenye nyuzi za bolti, na ndani yake matundu hayo yameungwa kwenye chuma. Maboksi ya mbao yanayochongwa hapa hapa mjini yana sauti nzuri, na wachongaji wake tunawaheshimu, lakini viungo vyake ni gundi na skrubu. Ukilitundika boksi kama hilo kwa bolti za juu, kinachobeba uzito wote wa besi ni gundi. Boksi lisilo na chuma kinachopita juu hadi chini litundikwe ndani ya fremu inayolibeba kwa chini, la sivyo libaki sakafuni.

Kuhusu spika zinazofungwa ukutani tutasema kwa kifupi: bolti ya kutanuka hushika kwenye zege. Kwenye tofali lenye matundu, au kwenye plasta, inashika kwa siku chache tu, kisha bolti ya juu ya bano inaanza kutoka taratibu.

Lalamiko la tatu ni muda na nafasi. Tunakabidhiwa ukumbi saa 6 mchana, wageni wanaingia saa 12 jioni, na katika saa hizo wapambaji wako chini ya mnyororo wetu wakipanga maua, wahudumu wanapita na sahani, watoto wa wapambaji wanacheza. Hakuna mzigo unaopaswa kuvutwa juu wakati mtu yuko chini yake. Hilo halihitaji fedha wala mtaalamu kutoka nje. Linahitaji meneja mmoja wa kusema "tokeni wote kwa nusu saa," na kusimama mlangoni.

Na la nne, ambalo limetuuma kuliko yote. Kijana mmoja wa kwetu alivunjika bega na mbavu baada ya bano kung'oka akiwa juu ya ngazi. Mwenye ukumbi alisema huyo ni mtu wa bendi. Bendi ikasema ni kibarua wa siku. Mwandaaji akasema yeye alilipa kazi kwa jumla, hamjui mtu. Matibabu yalilipwa kwa mchango wa mafundi kwenye simu, elfu tano tano, elfu kumi kumi, na mkono wake wa kulia hadi leo haupandi juu ya kichwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda peke yake. Ukumbi ni mahali pa kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo tangu mwaka 2008. Kinachokosekana ni jina la mwajiri kwenye karatasi siku kazi inapoanza.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, tunadai yafuatayo.

Kila ukumbi unaotaka spika zitundikwe uwe na pointi za kutundikia zilizokaguliwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Uzito unaoruhusiwa uandikwe kando ya kila pointi, kwa rangi, na nakala ya mchoro ikae ofisini kwa meneja ambapo fundi yeyote ataiona bila kuomba. Hili ndilo dai letu la msingi. Tukilipata hili, ugomvi mwingi utaisha wenyewe. Kwa kumbi zilizo karibu na bahari, vyuma vyote vifunguliwe na kutazamwa walau mara moja kwa mwaka, pamoja na sehemu zilizojificha chini ya washa na ndani ya dari.

Kila spika iliyo juu iwe na waya wa pili wa usalama uliofungwa kwenye pointi tofauti na ile inayoibeba. Waya huo ukazwe usiwe na ulegevu, kwa kuwa spika ikianguka hata nusu mita kabla ya kudakwa hupiga pigo linaloweza kukata waya ambao ungeibeba salama. Klipu za waya zisipungue 3 kila upande, na sehemu yake nene ikae upande wa waya unaobeba, si upande wa ncha iliyokatwa. Pini za shakeli zifungwe kwa waya ili besi isizilegeze. Penye taa za joto, mkanda wa nailoni usitumike bila chuma cha kuukinga, maana huyeyuka.

Waandaaji watupe ukumbi mtupu kwa muda wa kupandisha na wa kushusha, na muda huo uandikwe kwenye mkataba. Mkataba huo huo utaje mwajiri wa kila fundi na kibarua wake, na nani atalipa akiumia. Vyuma vya kutundikia viwe na mstari wake kwenye bei, usiokatwa.

Kwa upande wa Serikali, tunaomba Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, uzijumuishe pointi za kutundikia katika ukaguzi wa kumbi, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ianzishe kozi fupi ya kazi ya kuinua na kutundika mizigo ya burudani. Ujuzi huu tumepokezana kwa mdomo, mwalimu kwa msaidizi, na kila mmoja ana kipande chake. Tunataka kufundishwa kwa utaratibu na kupimwa, na asiyefaulu asipande ngazi.

Nanyi mafundi wenzetu, dai hili litavunjika siku mmoja wenu atakapokubali kufunga pale mwenzake alipokataa. Tunawasihi msikubali, hata kama malipo ni mazuri na watoto wanasubiri ada.

Tumekubaliana kwamba kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao, katika ukumbi wowote usio na karatasi ya uzito wa pointi zake, tutafunga muziki kama kawaida ila spika zote zitakaa chini, kwenye stendi pana au juu ya besi. Hatutaongeza bei kwa hilo. Tunaomba majibu yenu kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo, na tuko tayari kukaa na ukumbi wowote, siku yoyote isiyo na sherehe, kupanda darini pamoja na kuonyeshana kilichopo.

Tunawasilisha.