Saundi kadi ya laki nne, spika za elfu thelathini!

Kuna jamaa mmoja wa Sinza, jina kapuni, mtaa mzima unamjua kwa mziki unaolia getoni kwake mpaka usiku. Mwezi huu katangaza kuchomoa laki nne kwenye hela ya kodi anunue saundi kadi mpya ya kompyuta, kisa spika zinatoa "zzzz" kila akisogeza mausi. Mpenzi wake kagoma. Na kwa hili, dada ana pointi.

Mvumo ule hautokani na kadi kuwa ya kizamani. Ndani ya kompyuta kuna vifaa kibao vinavyovuta umeme, na saketi ya sauti iliyobanwa katikati inadaka kelele zake. Akichomeka kadi nyingine humohumo ndani, kelele inaweza kumfuata. Mara nyingi dawa ni kifaa cha nje cha USB, hata kile cha bei ya kawaida.

Halafu zile namba za kwenye boksi, biti 24, kilohezi 192, zisimzuzue. CD ni biti 16 na kilohezi 44.1 tu, na inabeba sauti mpaka hezi 20,000, ambako ndiko sikio la binadamu linakoishia. MP3 za kurushiwa WhatsApp haziwi tamu kwa sababu ya kadi ya bei mbaya.

Akibakiwa na chochote baada ya kodi, abadilishe spika. Hapo tofauti ataisikia. La sivyo mwenye nyumba atamtoa nje, na kadi yake mkononi.

Wadau, nani yuko sahihi?