CHETI KWANZA, BASTOLA BAADAYE

Katika mabaraza yetu, kutoka Malindi mpaka Vuga, imezuka rai moja ambayo husemwa kwa sauti ya chini lakini yasemwa na wengi, ya kuwa wapelelezi wa kukodiwa, na pamoja nao walinzi wa makampuni wanaosimama milangoni mwa mahoteli na maduka ya fedha, wapewe ruhusa ya kuchukua bastola. Wanaoisema rai hii si watu wabaya. Wamo wenye maduka walioibiwa wakachoka, na wamo wanaokumbuka khabari za Padri Ambrose Mkenda, aliyepigwa risasi Tomondo siku ya Krismasi ya mwaka 2012 akanusurika, na za Padri Evarist Mushi, aliyeuawa kwa risasi Mtoni tarehe 17 Februari 2013. Mtu aliyeingiwa na khofu hutafuta silaha, na sisi hatumcheki.

Lakini kabla ya kusema ndiyo au siyo, twauliza: nani atamfunza mtu huyo, nani atamtahini, na nani atatia sahihi yake katika cheti na kukubali kuulizwa siku risasi itakapompata asiyehusika?

Mpelelezi wa kukodiwa si askari kanzu. Askari kanzu ni mtu wa Polisi, ana kiapo, ana mkubwa wake, na akikosea twajua mlango wa kugonga. Huyu wa kukodiwa hulipwa na mwenye shida yake: mwenye hoteli aliyepotelewa na fedha, warithi wanaogombania nyumba Kiponda, mwenye mzigo uliopungua bandarini, au mume anayetaka kujua mkewe huenda wapi alasiri (na hili la mwisho twaona afadhali aulizwe mke mwenyewe). Hana uwezo wa kumkamata mtu zaidi ya ule alionao raia yeyote. Sisi Waunguja tulimjua mpelelezi wa namna hii vitabuni kabla ya kumwona njiani, kwani Bwana Msa alibuniwa na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi na mhariri wa magazeti ya kisiwa hiki, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Kila aliyemsoma Bwana Msa akumbuka kiko chake na akili yake. Hatujamsikia bado mtu akimsifu kwa bastola.

Basi kwa kazi ya upelelezi peke yake twaona haja ya silaha ni ndogo mno. Kazi hiyo ni ya miguu, masikio na daftari. Haja huja pale mpelelezi anapogeuzwa mlinzi, akatumwa kumsindikiza tajiri au kuchukua fedha kutoka Darajani kwenda benki, na hapo ndipo khatari inapoanza. Atazame mwenyewe anayetaka kutazama. Katika vichochoro vya Hurumzi na Mkunazini watu wawili wakikutana na mkokoteni hubidi mmoja ajibanze ukutani. Kuta ni za mawe na chokaa. Risasi ikigonga jiwe hairudi kwa aliyeipiga kuomba radhi, bali hupinda ikaingia barazani, kwenye kahawa, kwenye skuli ya watoto. Mtu aliyefunzwa kulenga shabaha uwanjani, mchana, hakuna anayepita, hajafunzwa lolote la Mji Mkongwe.

Tena lipo jambo ambalo kisiwa hiki kililijua kwa gharama kubwa. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, waliovamia kituo cha Polisi cha Ziwani wengi wao walikuwa na mapanga na marungu. Walipotoka walikuwa na bunduki, kwa sababu ghala ya silaha ilikuwa mle ndani. Na Serikali iliyoshika madaraka Desemba 1963 ilikuwa imekwisha waachisha kazi askari polisi wenye asili ya Bara, na wamo miongoni mwao waliojiunga na wavamizi. Hatusemi haya kufukua makaburi. Kila nyumba hapa ina lake katika khabari hiyo. Twasema kwa kuwa bunduki iliyotunzwa vibaya ina bwana wa pili, na mtu aliyefunzwa silaha kisha akatupwa nje bila ya hesabu haachi mafunzo yake ghalani. Tarehe 25 Agosti 2021 Dar es Salaam iliona jambo la namna hiyo: mtu mmoja aliwaua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni karibu na Ubalozi wa Ufaransa, na akawanyang'anya askari bunduki zao. Ikiwa askari aliyefunzwa aweza kunyang'anywa silaha yake, itakuwaje kwa kijana anayekesha peke yake kwenye geti la hoteli Nungwi, tangu magharibi mpaka alfajiri, kwa mshahara usiomtosha nauli na chakula?

Wenzetu wa nchi nyingine wamelifanya jambo hili kwa sheria. Huko California, Marekani, mpelelezi wa kukodiwa hapati leseni mpaka awe amefanya kazi ya uchunguzi kwa saa 6,000, na leseni hiyo haimpi bastola. Akiitaka, husoma kozi ya saa 14, nyingi zaidi zikiwa za darasani kuliko za uwanjani, kisha hutahiniwa, na ruhusa yake hufikia mwisho kila baada ya miaka 2. Afrika ya Kusini kwa sheria yake ya mwaka 2000 yataka cheti cha umahiri kitangulie leseni ya silaha, na kwa sheria ya mwaka 2001 imewaweka wapelelezi wa kukodiwa chini ya usimamizi mmoja na walinzi. Kenya nayo ilitunga sheria ya ulinzi wa binafsi mwaka 2016. Uganda, ambako walinzi wa makampuni huchukua bunduki, kijana mmoja aliuawa Julai 2019 na risasi ya mlinzi wa duka huko Naalya, Kampala, baada ya mzozo. Mzozo wa mlangoni, ndugu zetu, kama ule tunaouona hapa kila siku.

Na hapa kwetu? Polisi ni jambo la Muungano, na silaha zimo mikononi mwa Polisi. Kampuni husajiliwa Zanzibar, kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Mmoja atazama bunduki, mwengine atazama karatasi za biashara, na mtu mwenyewe anayeshika bunduki hubaki katikati. Twataka Baraza la Wawakilishi liseme wazi ya kuwa hakuna mpelelezi wala mlinzi wa kukodiwa atakayechukua silaha Unguja au Pemba pasi na cheti, na cheti hicho kitolewe na watahini wasiolipwa na kampuni yake. Mtihani uwe khasa wa kujizuia: lini mtu asitoe bastola, afanye nini mbele ya mkusanyiko, amfungeje jeraha aliyempiga. Silaha irudi ghalani kila zamu ikwishapo, na daftari la wenye vyeti raia waweze kulisoma.

Wala cheti kisitegemee barua ya sheha, wala kadi ya chama chochote, chetu kikiwamo. Waliofiwa Januari 2001, walipopigwa risasi waandamanaji Unguja na Pemba, wajua ya kuwa hata bunduki ya Serikali yenye kiapo yaweza kuwageukia raia. Bunduki ya kukodiwa ikifuata rangi ya kadi, itakuwa balaa lisilo na wa kulizuia.

Wapo katika matawi yetu wazee waliotumikia Polisi na KMKM, nao walifunzwa silaha wakazichukua miaka mingi. Twawaomba watuandikie, kwa mkono wakipenda, walifunzwa nini, kwa muda gani, na lipi waliona limepungua. Barua zao tutazichapa katika karatasi hii kabla ya kuzipeleka Chukwani.