Saikolojia Isijitenge na Kazi

Mwaka 2006 nchi yetu iliacha kutegemea SP, ikaanza kutibu malaria kwa dawa ya mseto. Dozi zake ni sita kwa siku tatu, na ile ya pili hutolewa baada ya saa nane. Maneno hayo, "saa nane", yanastahili kutazamwa kwa makini.

Mama wa Ringwani, wilayani Serengeti, akimpa mwanawe dozi ya kwanza saa nne asubuhi, ya pili yampasa ampe saa kumi na mbili jioni. Lakini katika Kiswahili chetu saa nane ni wakati wa mchana pia. Akielewa hivyo, huenda akaitoa dozi hiyo baada ya muda wa saa nne tu, na hatakuwa amefanya uzembe wowote. Kosa ni la maneno, si la mama.

Kusahihisha mambo ya namna hii ni kazi ya wale wanaolinganisha vifaa, maandishi na mitambo na uwezo wa binadamu. Wapo wanasaikolojia wanaoihesabu kazi hiyo kuwa ufundi tu, usio na hadhi ya sayansi. Mafundi nao huwaona wanasaikolojia kuwa watu wa vitabuni. Tunasema pande zote mbili zinakosea.

Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Uingereza lilitaka kujua kwa nini watazamaji wa rada walikosa kuona dalili za nyambizi. Norman Mackworth wa Cambridge aliwaketisha watu mbele ya saa yenye mshale mmoja, akagundua kwamba umakini hupungua ndani ya nusu saa ya kwanza. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1948, yalifungua uwanja mpya katika saikolojia. Swali lilitoka kazini, jibu likarudi kazini, na sayansi ikaneemeka.

Basi vyuo vyetu visingoje maswali kutoka ng'ambo. Wanafunzi wa saikolojia waende kwenye zahanati, wamsikilize mama akieleza kwa maneno yake jinsi alivyoelewa maagizo. Nao waandikao maagizo wasiridhike kwa kuwa wao wenyewe wameyaelewa. Kutaja "saa kumi na mbili jioni" hakugharimu hata senti moja; kujua ni maneno gani mengine yanayopotosha kunahitaji uchunguzi wa kweli. Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.