Hombo: barabara ikifungwa, besi ndiyo inayonyamaza kwanza

Mkataba wa mfumo ambao serikali ya Kinshasa na AFC/M23 walitia saini huko Doha tarehe 15 Novemba 2025 una itifaki nane. Huko wanazungumzia kusimamisha vita, kubadilishana wafungwa, kufungua njia za misaada. Huku Hombo, kwenye mpaka wa Walikale na Kalehe, wakaaji wanapima amani kwa vitu vingine: bei ya chumvi, bei ya esansi, na magari mangapi yamepita leo. Wapiga muziki wa kwaya na wa ndoa wana kipimo chao pia: kama kikundi bado kina besi.

Katika vyombo vyote vya kikundi, gitaa ya besi ndiyo inayodai umeme mwingi, bafle nzito na vipuri vigumu kupata. Solo inaweza kusikika katika bafle ndogo inayobebwa kwa mkono mmoja. Ngoma hazihitaji umeme. Besi bila ampli ni ubao wenye nyuzi nne.

Uzi mzito wa besi, ule wa mi, hutikisika mara 41 kwa sekunde, wakati uzi mzito wa gitaa ya kawaida hutikisika mara 82. Ukitaka sauti ibaki na nguvu ileile, kila unaposhuka oktavu moja, karatasi ya spika inabidi isogee mara nne zaidi. Ndiyo maana bafle ya besi ni sanduku kubwa na zito, na ndiyo maana motari anapoliona hubadilisha bei kabla hujafungua mdomo.

Kisha kuna umeme. Laini za SNEL kutoka Ruzizi zinahudumia Bukavu na kando zake. Ukielekea Bunyakiri na Hombo, umeme wa kila siku ni pano za jua, batri na jenereta. Neno batri lenyewe linachanganya watu katika kikundi: kwa mpiga ngoma ni ngoma zake, kwa mpiga besi ni ile nzito yenye asidi. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Anayetaka idumu hatumii zaidi ya nusu, na konvertisa nayo inakula sehemu yake. Zinabaki wati-saa 500 hivi. Ampli inayokula wastani wa wati 100 itapiga saa tano. Hiyo inatosha kwa ibada, lakini haitoshi kukesha kwenye kilio mpaka asubuhi. Na hayo ni mahesabu ya siku yenye jua, katika eneo la msitu ambako mawingu yanaweza kukaa juu ya pano tangu asubuhi hadi jioni.

Hapo wengi hupotezwa na soko. Bafle za bei rahisi huandikwa wati 3,000 au 5,000 kwa herufi kubwa, wakati waya wake mwembamba wa umeme unaonyesha jambo jingine kabisa. Namba ya kutafuta ni ile ya desibeli: spika inayozidi mwenzake kwa desibeli 3 inatoa sauti ileile kwa nusu ya wati. Kwa mtu anayeishi kwa batri, ni kama amenunua batri ya pili.

Lakini kununua wapi? Barabara ya kitaifa namba 3 inatoka Bukavu, inapita Miti, inakata Mbuga ya Kahuzi-Biega, inashuka Bunyakiri na Hombo, kisha inaendelea Walikale hadi Kisangani. Tarehe 14 Februari 2025 M23 waliingia Kavumu na kuchukua uwanja wa ndege, na siku mbili baadaye Bukavu ilikuwa mikononi mwao. Tarehe 19 Machi walifika hadi Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Duka lenye nyuzi na spika liko Bukavu au Goma, ng'ambo ya mstari wa vita. Bidhaa inayoingia huko hulipa ushuru kwa utawala ambao Kinshasa haiutambui, wala haitambui karatasi zake. Njiani kuna vizuizi. Mwaka 2017, kabla ya vita hii, shirika la utafiti la IPIS la Ubelgiji lilihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili.

Basi watu wanatengeneza walicho nacho. Seti ya nyuzi nne za besi huuzwa dola 20 hadi 30 katika maduka ya nje, kabla ya safari na kodi. Hivyo nyuzi zilizochoka huchemshwa katika maji ili jasho na uchafu vitoke. Zinarudisha mlio kwa siku chache, kisha zinalala tena. Pengine waya wa freni ya kinga unawekwa mahali pa uzi uliokatika. Unafanya kazi kwa sababu ni mzito, na uzi wa besi unataka uzito. Watu wa nje wanapenda sana hadithi za namna hiyo. Kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa lilishangiliwa Cannes mwaka 2010, na mmoja wao alipiga satonge ya kopo na uzi mmoja. Sifa hizo zinasahau upande wa pili: waya wa freni ni chuma kigumu, unakula vyuma vya shingo ya gitaa, na gitaa ikiharibika shingo fundi wa kuitengeneza hayuko karibu.

Mabadiliko makubwa zaidi yako katika namna ya kupiga. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, inaegemea besi inayojua kuacha nafasi. Mpudi Decca katika OK Jazz hakujaza kila pigo. Alimwachia mwimbaji nafasi, kisha akarudi mahali ambapo mguu wa mchezaji ulimngojea. Mtindo huo unahitaji noti ndefu, ya duara, inayokaa chini. Kwenye bafle ndogo noti hiyo haisikiki, kwa hiyo mpigaji anapanda juu ya shingo, anaongeza mlio mkali, anapiga noti nyingi fupi. Amesikika, ndiyo, lakini amekuwa solo ya pili. Na vijana wanaojifunza kwa simu hawasikii tofauti, maana spika ya simu haitoi mitikisiko 41. Sikio linabuni lenyewe sehemu iliyokosekana.

Kikundi kingine kinachagua njia fupi zaidi: mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unashika besi. Kinanda kinaingia katika bafle ya mwimbaji, esansi inapungua, na kuna mtu mmoja chini wa kulipa. Kwa mwenye ndoa ni faida. Kwa mpiga besi wa Hombo, ambaye malipo yake mara nyingi ni chakula, pesa ya transpo na kidogo juu yake, ni kupoteza Jumamosi zote. Gitaa na ampli kwa kawaida ni mali ya kanisa. Waumini wakikimbia, mwenye gitaa anakimbia na gitaa, na ampli inabaki.

Mto wenyewe unaongeza ugumu. Hombo ya kaskazini iko Walikale, ndani ya jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu 6 Mei 2021. Hombo ya kusini iko Kalehe, Kivu Kusini, nje ya utawala huo. Sherehe ya ng'ambo ya daraja ni sherehe ya jimbo jingine, na hakuna anayetaka kuvuka usiku na sanduku zito.

Kungoja Doha ili kupata besi ni kungoja sana. Makanisa ya pande mbili za daraja yangeweza kuweka bafle moja kila upande, ikae hapo, na wapigaji wavuke na gitaa tu. Mazoezi ya wiki yanaweza kufanyika kwa ekuta, bila kugusa batri kubwa. Na anayepata nafasi ya kushuka Bukavu aanze na nyuzi: seti nne hazifiki kilo moja, zinaingia mfukoni, na motari hatozi pesa kwa hizo.