Nambari 2,147,483,647 inakuhusu, hata kama ulichukia hesabu

Kuna swali ambalo kila mwalimu wa Hisabati ameulizwa: "Kwani hii itanisaidia wapi maishani?" Huenda hata wewe uliuliza. Mwaka 2025 swali hilo lilifika hadi serikalini, Wakenya walipobishana kama somo hili liwe la lazima katika sekondari ya juu. Kabla hujajibu, hebu angalia nambari hii: 2,147,483,647.

Andika 2 mara 31, zizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Umeipata. Ni nambari tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Aliyethibitisha hivyo mwaka 1772 ni Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi Urusi, ambaye wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa. Hakuwa na kikokotoo. Alionyesha kwamba nambari tasa yoyote ya kuigawa ingelazimika kubakisha 1 au 63 ikigawanywa kwa 248. Maelfu ya nambari za kujaribu yakapungua yakawa chache tu.

Faida yake? Wakati huo, hakuna. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow, akiandika kuhusu nambari za ukoo huu, alisema hakuna atakayejisumbua kutafuta kubwa zaidi, manake ni za kustaajabisha tu, hazina kazi.

Sasa cheki kilichofuata. Kompyuta nyingi zilihifadhi nambari nzima katika nafasi 32, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa. Nafasi 31 zinazobaki zikijaa zote, unapata 2,147,483,647. Haiendi mbele. Ndiyo sababu Desemba 2014, "Gangnam Style" ya Psy ilipokaribia kutazamwa mara nyingi hivyo, YouTube ikapanua kaunta yake.

Hata utasa wake ulipata kazi. Mwaka 1988 Park na Miller walipendekeza njia hii ya kuipa kompyuta nambari za kubahatisha: zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, shika baki, rudia. Utapita nambari 2,147,483,646 kabla ya kurudi ulikoanzia. Hiyo inawezekana kwa sababu ni tasa.

Kisha kuna hili linalokungoja. Mifumo mingi huhesabu saa kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Yenye nafasi 32 itajaa Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za Nairobi. Sekunde inayofuata, mashine itadhani ni Desemba 13, 1901. Simu mpya zimeshahamia nafasi 64. Wasiwasi ni mitambo ya zamani iliyosahaulika viwandani na kwingineko, ambayo lazima mtu aitafute na kuirekebisha. Mtu huyo ni nani kama si wa rika lako?

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: "Itanisaidia wapi?" si swali baya, ila halina haki ya kudai jibu leo leo. Barlow alikuwa mtaalamu wa hesabu, na bado alikosea. Wewe uliyeacha hesabu Kidato cha Pili ukisema haina maana, una uhakika gani?