Nguvu za mwanamume haziuzwi mlangoni mwa msikiti

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetupa viwiliwili na afya kuwa amana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, kila baada ya swala ya Ijumaa, nje ya misikiti mingi ya mijini, hupangwa juu ya mikeka miswaki, manukato, habasoda na asali. Pembeni mwa bidhaa hizo njema hukosi kuona vichupa visivyo na jina la mtengenezaji, na muuzaji akinong'ona kuwa vinarudisha nguvu za kiume. Wanunuzi hawakosekani. Hulipa haraka, hutia mfukoni, huondoka bila kuuliza neno. Mtu huyo huyo akinunua kanzu huuliza bei mara tatu na kukagua kila mshono.

Rai yangu ni kwamba ukimya huu unaziumiza nyumba zetu kuliko maradhi yenyewe.

Hamu ya mwanamume, misuli yake, mifupa yake na mbegu zake za uzazi hutegemea sana homoni iitwayo testosteroni. Hutengenezwa zaidi katika korodani, kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na hupungua pole pole kadiri umri unavyosonga. Hiyo ni kudura. Lakini upo upungufu tunaojitakia wenyewe kwa namna tunavyoishi.

La kwanza ni kitambi. Miongoni mwetu kitambi kimefanywa nishani ya mafanikio; bwana harusi akinenepa, mkewe husifiwa kwa mapishi. Kumbe mafuta ya mwilini yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ambayo kwa wingi ni ya wanawake. Mwenye unene akipunguza uzito, aghalabu kiwango chake hupanda bila dawa yoyote. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, alitufunza kuwa asiyetosheka na tonge chache basi aligawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Sisi mafungu yote matatu tumeyajaza pilau.

La pili ni usingizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha matokeo ya vijana 10 wenye siha waliolazwa saa 5 tu kila usiku kwa muda wa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Basi kijana anayekesha na simu, mirungi au mpira wa Ulaya, kisha ikampita swala ya Alfajiri, amepata hasara mara mbili. Hatushangai kuwa Mtume (S.A.W.) alichukia maongezi baada ya Isha.

La tatu ni sahani. Hakuna mzizi wala tunda moja lenye muujiza. Daktari Ananda Prasad, alipofanya kazi Iran na Misri tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta vijana waliodumaa na kuchelewa kubalehe, na akabainisha kuwa walikosa madini ya zinki, walipopewa, walikua. Zinki imo katika nyama, dagaa, mayai, maharage, korosho na mbegu za maboga. Lakini mwenye zinki ya kutosha haongezewi nguvu kwa kumeza vidonge vyake. Juu ya mlo huo uongezwe mwendo wa miguu na kazi ya kunyanyua vizito, na iachwe sigara.

Sasa turudi kwenye vile vichupa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imekuta mara nyingi, ndani ya bidhaa ziitwazo za asili, dawa ya hospitali iitwayo sildenafili ambayo haikuandikwa kwenye chupa. Dawa hiyo haiongezi testosteroni. Hutanua mishipa ya damu tu. Ikikutana na dawa za moyo za kundi la nitrati, huweza kushusha shinikizo la damu hata kuua. Na sindano za testosteroni nazo hupumbaza korodani, mbegu zikapungua au zikatoweka. Kijana anayetafuta mtoto hujifungia mlango kwa ufunguo alioununua mwenyewe.

Tena si kila udhaifu hutokana na homoni. Mara nyingi huwa dalili ya mapema ya kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Anayeificha kwa kichupa huyaacha maradhi hayo yakomae. Kipimo cha testosteroni huchukuliwa asubuhi, wakati kiwango kiko juu, tena kwa siku mbili tofauti kabla ya kutoa hukumu.

Na hapa ndipo dhulma inapoingia. Mke asiyezaa husemwa na mawifi, huletewa mke mwenza, hata hupewa talaka, ilhali mume hajapimwa siku hata moja. Takriban katika nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, sababu ya upande wa mume imo, peke yake au pamoja na ya mke. Tutajibu nini mbele ya Mola wetu kwa mwanamke tuliyemhukumu bila ushahidi?

Mtume (S.A.W.) alimkumbusha Abdullah bin Amr kuwa mwili wake una haki juu yake, na mkewe ana haki juu yake. Katika jambo hili haki hizo mbili zimekutana. Basi ndugu yangu, Ijumaa ijayo ukipita kwenye mkeka ule, nunua mswaki na habasoda. Fedha ya kichupa iwe nauli ya kwenda hospitali asubuhi, wewe na mkeo pamoja.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu afya, mapenzi na huruma. Amin. Wabillahi tawfiq.