Padi ya ajabu inamvuta nani?

Baridi ya Ufipa ninyi mnaisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa, sisi tunaivaa. Nimekaa hapa na koti na soksi mbili, nikaona leo niache habari za halmashauri niongelee gemu. Ndiyo, gemu. Kuna watakaosema mwandishi mzima anaandika mambo ya watoto. Sawa, mlango uko wazi, ila ukibaki utaona ninakokwenda.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa sita binamu yangu alikuja likizo kutoka Dar. Kwenye begi lake, katikati ya jinzi na zawadi za mama, kulikuwa na Wii ya mtumba. Kwa wasioijua, Wii ni mashine ya Nintendo iliyoingia sokoni Novemba 2006. Badala ya padi ile ya kushika kwa mikono miwili, yenyewe ilikuja na kitu kirefu kama rimoti ya TV. Ukitaka kupiga tenisi unaipunga kama raketi, ukitaka ngumi unarusha ngumi. Aliyekuwa bosi wa Nintendo wakati ule, Satoru Iwata, hakuwa anawatafuta wachezaji wa PlayStation. Alikuwa anawatafuta watu wasiocheza kabisa: wazazi, bibi, yule dada anayepita sebuleni akisonya. Ndiyo maana ikafanana na rimoti, kwa sababu rimoti haimtishi mtu.

Na kweli haikumtisha mama. Mama yangu ambaye kwake gemu ni ugonjwa unaofelisha watoto, alisimama pale sebuleni kwetu Kizwite na khanga yake kiunoni, akacheza bolingi, ule mchezo wa kuvingirisha tufe liangushe vigingi kumi. Raundi ya kwanza tufe likaenda pembeni. "Lete tena, mwanangu, hiyo sikuwa nimejiandaa." Raundi ya tatu akatufunga wote. Jirani akaja kuuliza kuna msiba au harusi. Nilihamisha chombo cha maua juu ya kabati mapema, maana nilishasoma kwamba Desemba 2006 Nintendo walilazimika kujitolea kubadilisha kamba za mkononi kama milioni 3.2, baada ya watu kurusha rimoti zikapasua TV na taa.

Sasa swali langu la leo: hiyo padi ya ajabu ndiyo iliyoifanya mashine ivutie? Usiku ule ningekujibu ndiyo bila kufikiri.

Wiki tatu baadaye Wii ilikuwa imefunikwa kitambaa cha vitambaa vya kufuma vya mama. Betri zilikuwa zimeisha. Ile rimoti inakula betri mbili ndogo, na zile za bei rahisi za dukani zinakufa kabla hujamaliza mashindano. Na wadogo zangu? Walikuwa wamerudi kibandani Majengo kulipia mechi za PlayStation, huku nyumbani kuna mashine ya bure. Hapo ndipo nilipoanza kuwaza vizuri.

Kibanda cha gemu mnakijua. Chumba cha mbao, benchi mbili, TV ya mgongo au bapa iliyopigiliwa ukutani, PS2 au PS3 iliyochoka, na kelele. Sheria ni moja, mshindi anabaki, aliyefungwa analipa. Pale hakuna mtu anayefundishwa. Ukikaa unapewa padi, na mpira umeanza. Ukiuliza pasi ndefu ni kitufe gani umeshapigwa mbili bila.

Na padi ile haibadiliki. Sony walitoa DualShock mwaka 1997, vijiti viwili chini, vitufe vinne kulia, vinne vingine juu kwenye mabega. Chukua aliyejifunzia gemu mwaka ule, mwamshe leo, mpe padi ya PS5 iliyotoka 2020. Vidole vyake vitajua vyenyewe pa kwenda. Kujua padi ni mtaji. Dogo wa Majengo akienda kwa shangazi yake Mbeya, au akifika Dar kutafuta maisha, anaingia kibanda chochote na ujuzi wake hauhitaji kuanza upya. Halafu kuna fundi. Kijiti kikilegea fundi anakifungua, anatoa cha padi nyingine iliyokufa, anarudisha, mechi inaendelea. Waya wa padi ya PS2 unachomekwa kwenye mashine, habari ya betri haipo. Rimoti ya Wii ikigoma hapa mjini nimpelekee nani?

Kuna nafasi pia. Binamu alileta na diski ya PES 2008 ya Wii, ambayo Konami waliitengeneza kwa namna ya peke yake: unaelekeza rimoti kwenye TV, unawaonyesha wachezaji pa kukimbilia. Mimi niliipenda. Ni mpira wa kufikiri. Lakini mwenye kibanda alipokuja kuiangalia, alitazama dakika tano akaniambia, "Kaka, hii nzuri, ila benchi langu linakaa watu sita bega kwa bega. Mmoja akipunga mkono, mwenzake anang'oka jino." Biashara ikaishia hapo.

Tukitoka kwetu tukaangalia dunia, hesabu zinasema mambo mawili yanayogombana. Wii iliuza zaidi ya mashine milioni 101, ikaziacha PS3 na Xbox 360 zenye padi za kawaida. Basi padi ya ajabu inauza! Haya, Nintendo hao hao wakatoa Wii U mwaka 2012, padi yake ina kioo kama tableti katikati. Ajabu kuliko ya kwanza. Ikauza milioni 13 na nusu hivi, ikafa. Magitaa ya plastiki ya Guitar Hero yalianza 2005, yakajaa kwenye nyumba za Marekani na Ulaya, na mwaka 2011 kampuni ikasimamisha mfululizo.

Halafu Kinect. Hii ya Microsoft, Novemba 2010, haikuwa na padi kabisa. Kamera inakutazama, mwili wako ndio padi. Ndani ya siku 60 za mwanzo ziliuzwa milioni nane, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness. Mwaka 2013 wakailazimisha iuzwe pamoja na Xbox One, kwa dola 499, wakati PS4 yenye padi ya kawaida ilikuwa dola 399. Mwaka uliofuata wakaitoa kwenye boksi ili bei ishuke, na 2017 wakaacha kuitengeneza. Mchezaji mmoja alitakiwa kusimama kama mita 1.8 kutoka kwenye kamera, na wawili zaidi ya hapo. Tuache kibanda, sebule ngapi za Katandala zina nafasi hiyo ukishaondoa makochi na stuli zake? Na hebu fikirieni mtu amesimama peke yake usiku, chumba giza, anapunga mikono hewani bila kushika kitu. Hapa Sumbawanga! Mji ambao jina lake lenyewe wazee wanasema maana yake ni tupa uchawi. Asubuhi ungekuta kikao cha ukoo kinakusubiri.

Kwa hiyo msimamo wangu nilikuwa nimeshauandaa: padi ya ajabu inaita watu kuja kushangaa, padi ya kawaida ndiyo inawafanya warudi kesho. Mama alishangaa, akafurahi, akarudi kwenye maharage yake. Nilikuwa niishie hapo, nibandike, nilale.

Kilichonizuia ni dogo wa pale kibandani. Mmemwona, kila kibanda kina wa namna yake. Ndiye anayekusanya hela, anapanga foleni, anajua nani kamaliza dakika zake na nani anajifanya kiziwi. Ana miaka kumi na sita hivi. Anajua mpira wa gemu kuliko wachezaji wote wa benchi lile, anatabiri goli kabla halijaingia. Na kwa miaka yote niliyopita pale sijawahi kumwona ameshika padi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mkono wake wa kushoto una dole gumba na kipande cha kidole cha shahada, vingine vilichukuliwa na mashine ya kukamua alizeti. Kushika padi ya DualShock na kukimbiza vidole juu ya mabega yake, hawezi. Watu wakimwambia "na wewe cheza" anacheka, anasema yeye ni refa.

Kabla betri hazijaisha alikuja nyumbani siku moja kumfuata mdogo wangu aliyekuwa anadaiwa mechi mbili. Mama akamwambia akae anywe chai. Akaona rimoti. Bolingi ya Wii inataka mkono mmoja tu, na tenisi ni hivyo hivyo. Wadau, alitupiga sote mpaka chai ikapoa. Aliporudi siku ya pili hakumtaja mdogo wangu wala deni.

Hapo ndipo hoja yangu ilipopasuka. Mimi nilikuwa nauliza padi ya ajabu inavutia au haivutii, kama mtu anayechagua rangi ya gari. Na nilisahau kwamba hiyo tunayoiita ya kawaida nayo ilikuwa kituko siku zake. Ule msalaba wa vidole Gunpei Yokoi wa Nintendo aliuweka kwenye kigemu cha mkononi cha Donkey Kong mwaka 1982, wakati mashine nyingi za TV zilikuwa na usukani wa kijiti. Ikazoeleka, ikawa ndiyo sura ya padi, na kuanzia hapo kila padi ikadhani watu wote wana vidole kumi.

Wapo walioliona hilo. Microsoft mwaka 2018 walitoa padi ya walemavu yenye vitufe viwili vikubwa kama sahani na matundu mengi ya kuchomeka pedali na vitufe vingine, kwa dola 100 hivi. Sony wakafuata Desemba 2023 na yao inayoitwa Access, duara ambalo unalipanga vitufe utakavyo, dola 90 hivi. Hizo ni padi za ajabu kuliko zote na hakuna atakayezinunua kwa kushangaa. Lakini ya Sony inafanya kazi na PS5, na kibanda chetu kina PS2 na PS3. Bei yake kwa pesa yetu inazidi laki mbili, hapo hujahesabu nauli ya mzigo wala hiyo PS5 yenyewe. Mwenye kibanda nilimweleza. Hakunicheka, alinisikiliza vizuri, kisha akauliza itamrudishia hela kwa mechi ngapi. Sikuwa na jibu, na swali lake si baya.

Kwa hiyo nimebaki na Wii ya binamu, ambayo nimemwomba aniachie. Nimetafuta betri za kuchaji, nimepata nne, mbili zinafanya kazi vizuri. Jumamosi dogo anakuja akishafunga kibanda, kama umeme upo. Juzi ameniambia tenisi imeshamchosha, anataka ile diski ya mpira. Ile inataka na kijipande cha pili kinachoshikwa mkono wa kushoto, chenye kijiti kimoja na vitufe viwili mbele. Tumekifunga kwenye kiganja chake kwa mpira wa baiskeli, kijiti anakisukuma kwa dole gumba. Mpaka sasa amenifunga nne moja, na analalamika kwamba kinalegea.